Moto juu ya ardhi iliyoganda: kisa cha Anaktuvuk kinavyosomeka kutoka Dodoma

Mji wa Dodoma hupata mvua ya kati ya milimita 550 na 600 kwa mwaka. Utqiaġvik, mji wa kaskazini kuliko yote nchini Marekani, kwenye pwani ya Alaska, hupata chini ya milimita 150 kwenye vipimo, hata theluji ikiyeyushwa na kujumlishwa humo. Kwa hesabu ya mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tano, Utqiaġvik ni jangwa na sisi Dodoma tunaogelea. Aliandika hivyo kwenye mtihani wa majaribio, nikamchora msalaba mwekundu, naye akanifuata ofisini na karatasi yake mkononi. "Samahani mwalimu. Hizi namba si ulitupa wewe?"

Nilizitoa mimi. Na hesabu yake ilikuwa sawa. Tatizo ni kwamba picha za setilaiti za uwanda ule zinaonyesha maziwa yasiyohesabika, yametapakaa kama madoa ya kanga, na kiangazi chake huwezi kupita bila buti za mpira. Huku kwetu ikifika Agosti watu wanafukua mchanga wa mto mkavu wapate ndoo moja. Msalaba wangu mwekundu haukumweleza chochote kuhusu hilo.

Nilimwomba aniachie karatasi, nikaanza kutafuta kisa kimoja cha kulifundishia darasa zima. Ukifundisha tundra, ile nchi ya baridi isiyo na miti kama ya Utqiaġvik, kwa orodha ya sifa, wanafunzi wanaikariri kwa Kiingereza na kuisahau kwa Kiswahili. Kisa nilichokipata ni cha moto.

Kilichotokea

Katikati ya Julai 2007 radi ilipiga tundra karibu na mto Anaktuvuk, kaskazini mwa safu ya milima ya Brooks, Alaska. Nyasi zikashika. Moto wa tundra kwa kawaida hujifia mapema, kwa sababu chini ya nyasi pamelowa na hakuna kikavu cha kuendelea kula. Huu haukufa. Ulifuka tu Agosti yote bila kwenda mbali, kama kinyesi cha ng'ombe kilichoachwa kinaungua zizini kufukuza mbu. Septemba, wakati ambapo kwa desturi theluji ilikuwa inakaribia, upepo mkavu ukaupuliza, na sehemu kubwa ya eneo lililoungua iliungua mwezi huo. Oktoba ndipo theluji ilipouzima.

Ulikuwa umekula kilomita za mraba 1,039. Msomaji wa Dodoma anaweza kuupima kwa kitu anachokijua: eneo la Kondoa lililoliwa na mmomonyoko, ambalo mifugo iliondolewa mwaka 1979, lina kilomita za mraba 1,256. Ni moto mkubwa kuliko wowote uliokuwa umewahi kurekodiwa kwenye tundra, na wenyewe peke yake uliifanya jumla ya eneo lililoungua kwenye mteremko ule wa kaskazini wa milima ya Brooks tangu 1950 kuwa mara mbili. Watafiti waliochimbua matope ya chini ya maziwa ya eneo hilo na kutafuta vipande vya mkaa walikuta kwamba katika miaka 5,000 iliyopita moto ulikuwa jambo la nadra sana pale.

Niliposoma haya darasani, swali la kwanza lilikuwa lile lile ambalo msomaji analo: barafu inaunguaje? Haiungui. Kinachoungua ni kile kilichokaa juu yake. Lakini ili tujue kilifikaje pale na kwa nini kilikuwa hakijawahi kuungua, lazima tuanze na maji. Hapa ndipo vitabu vingi vinaponikera: vinaweka sura ya maji upande mmoja na sura ya kaboni upande mwingine, kama shamba la zabibu na shamba la mtama lenye mpaka wa minyaa katikati. Katika tundra hakuna mpaka huo. Ukitaka kujua kaboni inakwenda wapi, yafuate maji.

Sakafu isiyovuja

Siku iliyofuata nilikwenda kwa mama anayetuuzia soda na barafu za mifuko nje ya shule, nikamwomba nafasi kwenye friza lake kwa usiku mmoja. Niliweka humo kopo la rangi la lita nne lililojaa udongo wa bustani ulioloweshwa vizuri. Asubuhi lilikuwa gumu kama tofali. Tukaliweka kwenye meza kando ya kopo jingine la udongo ule ule, mkavu, tukamwagia kila moja kikombe kimoja cha maji. Kwenye udongo mkavu maji yalizama kabla sijamaliza kumimina. Kwenye ulioganda yalikaa juu, yakang'aa, na dakika kumi baadaye yalikuwa bado yapo, na tope jembamba likianza kulainika juu juu. Nilimwangalia yule binti wa karatasi. Hakusema kitu, akaandika.

Kopo lile ndilo tundra, kasoro ukubwa. Ardhi iliyokaa kwenye nyuzi sifuri za selsiasi au chini yake kwa miaka miwili mfululizo au zaidi huitwa pamafrosti. Maeneo ya Prudhoe Bay, kwenye pwani hiyo hiyo, ardhi imeganda hadi kina cha zaidi ya mita 600. Kiangazi kinapofika, jua linalozunguka angani bila kuzama (Utqiaġvik halizami kwa takriban siku 80) huyeyusha tabaka la juu tu, mara nyingi sentimita 30 hadi 60, kisha Septemba tabaka hilo linaanza kuganda tena. Maisha yote ya mimea, mizizi, wadudu na bakteria yanafanyika ndani ya kina hicho cha jembe.

Theluji inaanguka kidogo kidogo kwa takriban miezi minane. Nyingine hupeperushwa na upepo, na sehemu yake hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji kwanza. Iliyobaki inangoja. Mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni inayeyuka karibu yote ndani ya siku chache, wiki mbili ikizidi, na wakati huo ardhi ya chini bado ni jiwe. Maji hayana pa kuzama. Mito kama Kuparuk inabeba sehemu kubwa ya maji yake ya mwaka mzima katika muda huo mfupi, kama makorongo yetu yanavyonguruma saa tatu baada ya mvua kubwa kisha yakanyamaza. Yanayobaki kwenye tambarare yanasimama. Hewa ni ya baridi, haina nguvu ya kunyonya maji, na karibu na bahari kuna ukungu mara kwa mara. Kwa hiyo mvua ni kidogo, lakini njia za kutokea ni chache zaidi.

Sasa tugeuze upande wa pili. Dodoma jua na upepo vina uwezo wa kunyonya zaidi ya mara tatu ya mvua inayoanguka. Maji yetu yanapaa. Na yale yanayopona yanazama: visima vya Makutupora, kaskazini mwa mji, vinavyotunywesha kwa miaka mingi, vinajazwa na maji yanayopenya kwenye mchanga na miamba iliyopasuka. Utafiti uliochapishwa 2013, uliotumia rekodi ya miaka 55 ya vina vya maji pale Makutupora, ulionyesha kwamba hifadhi hiyo haijazwi na mvua ya kila mwaka. Inajazwa na misimu michache yenye mvua kubwa isiyo ya kawaida, ule wa El Niño wa 1997/98 ukiwa mfano mkuu. Yaani sisi tunaweka akiba chini na tunaipata kwa bahati, wao wanaiweka juu kila mwaka, na haiendi popote.

Kuna mfano mwingine nisioweza kuuacha, ingawa unanitoa kidogo njiani. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, linapita mkoani kwetu. Limebuniwa lifukiwe na lipashwe moto, kwa kuwa mafuta yale ni ya nta na yakipoa yanaganda. Bomba la Alaska, kilomita 1,287 kutoka Prudhoe Bay hadi Valdez, lililokamilika 1977, lina hadithi ya kinyume. Mafuta yalitoka ardhini yakiwa ya moto, na kulifukia kwenye pamafrosti ingekuwa kulipikia kitanda chake mpaka lizame. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya urefu wake imebebwa juu kwa nguzo, na nguzo nyingi zina mirija yenye amonia ndani. Wakati wa baridi kali amonia huchemka kwa joto dogo la ardhini, mvuke unapanda hadi kwenye mapezi ya juu, unapoa, unarudi chini ukiwa kimiminika, na joto limeshatolewa nje. Kiangazi mzunguko unasimama wenyewe. Kazi yote hiyo, mirija zaidi ya 120,000, ni ya kuhakikisha tu kwamba udongo unabaki umeganda. Nikitaka mwanafunzi aelewe pamafrosti ni nini, humwambia kwanza watu walitumia fedha kiasi gani ili isiyeyuke.

Mjomba na mapovu

Kaboni sasa. Mimea ya tundra ni mifupi, haifiki magotini: nyasi za vishungi zenye vichwa vyeupe kama pamba, vichaka vya kutambaa, na mosi, vile vimea laini vinavyotandaa kama zulia na kushika maji kama sponji. Inapata majuma sita hadi kumi ya kukua kwa mwaka. Kinachoingia kwa usanisinuru ni kidogo. Lakini kinachotoka ni kidogo zaidi, kwa sababu majani yakifa hayaozi ipasavyo. Haba na haba, kwa maelfu ya miaka, na kibaba kimejaa: udongo wa maeneo yote ya pamafrosti duniani unakadiriwa kubeba tani bilioni 1,460 hadi 1,600 za kaboni, takriban mara mbili ya iliyomo kwenye hewa yote ya dunia.

Ukiuliza kwa nini hayaozi, karibu kila mtu atakujibu: baridi. Ni kweli, na ni nusu ya jibu. Wainupiat, wenyeji wa asili wa pwani ile, huchimba maghala ndani ya pamafrosti na kuhifadhi humo nyama ya nyangumi, na miaka ya karibuni baadhi ya maghala hayo yameingia maji na nyama ikaharibika. Hilo ni jambo la joto. Lakini tabaka la juu la tundra linayeyuka kila kiangazi, na bado majani hayaozi vizuri. Kwa nini? Jibu la nusu ya pili nililipata Bahi.

Mjomba wangu analima mpunga Bahi, magharibi mwa Dodoma. Nilimkuta jarubani, maji yakimfika katikati ya muundi. Nikamwamkia, akaitika marahaba bila kuinua mgongo, akaniambia nivue viatu. Nilipokanyaga tope, mapovu yalipanda kando ya mguu wangu, blup blup, yakapasuka. "Shamba linapumua," alisema. Tangu utotoni nimeyaona mapovu hayo bila kuyauliza.

Ndani ya tope lililofunikwa na maji hewa haipenyi. Bakteria wanaohitaji oksijeni, wale wanaomaliza majani makavu upesi na kutoa hewa ya ukaa, hawafanyi kazi pale. Wanabaki wengine, wa kale na wa polepole, wasiotaka oksijeni, na wanachotoa mwishoni ni methani. Hii ndiyo iliyokuwa ndani ya mapovu ya mjomba. Nyingine haipandi kwa mapovu kabisa. Inapita ndani ya mpunga wenyewe: shina la mpunga lina njia za hewa za kupelekea mizizi oksijeni, na methani inapanda humo humo kama soda kwenye mrija. Nyasi za kinamasi cha tundra zimeumbwa hivyo hivyo. Mimea miwili, digrii zaidi ya sabini za latitudo kati yake, bomba ni moja.

Kwa hiyo maji yaliyosimama yanafanya mambo mawili kwa mpigo. Yanazuia kuoza, na ndiyo maana kaboni inalimbikizana. Na yanaifanya ile kidogo inayooza itoke ikiwa methani, ambayo kwa miaka mia moja hutia joto takriban mara 28 ya uzito ule ule wa hewa ya ukaa. Kinachoamua ni kina cha maji, na hapa sentimita chache ni jambo kubwa. Maji yakishuka kidogo chini ya uso, tabaka la juu linapata hewa, na bakteria wengine humo wanaila methani inayopanda kabla haijatoka. Kuoza kunaongezeka, lakini kunatoka kama hewa ya ukaa. Mjomba anajua hili kwa namna yake: akikausha jaruba kwa wiki, mapovu yanakoma na magugu yanaanza.

Jambo la tatu ndilo linalotuingiza kwenye kisa chetu. Sponji iliyolowa haishiki moto.

Jinsi sponji ilivyowaka

Kiangazi cha 2007 katika eneo lile kilikuwa cha joto na ukame kupita kawaida. Septemba hiyo hiyo barafu ya bahari ya Aktiki, ile ya ncha ya kaskazini ya dunia, ilishuka hadi kiwango cha chini kuliko vyote vilivyokuwa vimepimwa na setilaiti hadi wakati huo, na wapo watafiti wanaoyaona mambo haya mawili kuwa na uhusiano: bahari iliyo wazi, hewa tofauti, kiangazi kirefu. Mosi hawana mizizi ya kufuata maji chini. Uso ukikauka, wanakauka nao. Pamafrosti bado ilikuwa palepale chini, imeganda, na hiyo ndiyo ajabu ya kisa hiki: hakuna kilichobadilika kwenye sakafu. Sentimita chache za juu tu ndizo zilizopoteza maji, na zikawa kuni.

Nimeshaona watu wakisimulia moto huu kama hadithi ya barafu iliyoyeyuka kisha ikaungua. Sivyo. Mpangilio ni huu: uso ukakauka, moto ukapita, na kuyeyuka kukaja baadaye.

Ni kiasi gani kiliungua? Swali gumu kuliko linavyosikika, maana unapima kitu ambacho hakipo tena. Watafiti walipata ujanja ninaoupenda kuliko namba zenyewe. Zile nyasi za vishungi, Eriophorum vaginatum, hazifi kwa moto, kitovu chake kinabaki na kuchipua, kama zinavyofanya nyasi za mbugani kwetu. Ukijua kitovu hicho kwa kawaida hukaa umbali gani kutoka uso wa udongo, unaweza kupima kutoka kwenye kitovu kilichobaki hadi kwenye majivu na kujua uso ulikuwa wapi. Kila kishungi kikawa rula.

Matokeo, yaliyochapishwa 2011, yalikuwa gramu 2,016 za kaboni zilizopotea kwa kila mita ya mraba, jumla takriban tani milioni 2.1. Asilimia 60 ya hiyo ilitoka kwenye udongo wenyewe, si kwenye majani. Kwa mita moja ya mraba, hasara hiyo ni takriban mara mia ya kile ambacho tundra isiyoguswa hubadilishana na hewa kwa mwaka. Na jumla nzima inakaribiana na kiasi ambacho tundra yote ya Aktiki ilikuwa ikikihifadhi kwa mwaka, kwa wastani, katika robo ya mwisho ya karne ya 20. Kiangazi kimoja, mteremko mmoja.

Darasa lilinyamaza hapo, nami nikawavuruga kidogo, kwa sababu kuna namba nyingine inayosahaulika. Kipimo cha radiokaboni kilionyesha kwamba kaboni iliyoungua haikuzidi umri wa miaka 50. Ile ya maelfu ya miaka, iliyoko chini, haikuguswa na moto. Mwanafunzi mmoja akasema, "Basi hasara ni ndogo, itajazwa ndani ya miaka 50." Kwa hesabu ya moto peke yake, ana hoja.

Baada ya moshi

Kasoro ya hoja hiyo ni kwamba inahesabu kilichoondoka na kusahau kazi kilichokuwa kikiifanya. Lile zulia la mosi na majani yasiyooza lilikuwa blanketi. Kiangazi lilizuia joto lisishuke, maana mosi mkavu hapitishi joto vizuri. Moto uliondoa sehemu ya blanketi na kuacha uso mweusi unaofyonza jua. Anayejua kutembea pekupeku kwenye lami ya Dodoma saa nane mchana hahitaji maelezo zaidi. Tabaka linaloyeyuka likaanza kushuka chini zaidi, likaikuta ile kaboni ya kale.

Na likakuta kitu kingine. Ndani ya pamafrosti ya nchi ile kuna kabari za barafu. Zinatokea hivi: ardhi iliyoganda ikizidi kupoa inasinyaa na kupasuka, theluji ikiyeyuka maji yanaingia kwenye ufa na kuganda, mwaka unaofuata ufa unafunguka palepale, na kwa karne nyingi kabari inanenepa hadi kufikia mita kwa upana. Ukitazama kutoka juu unaona maumbo ya pembe tano au sita yameungana kama gamba la kobe. Sisi tuna umbo hilo hilo kwenye udongo mweusi wa mbuga ukipasuka Septemba, isipokuwa nyufa zetu zinajifunga mvua ya kwanza ikinyesha. Kabari ikiyeyuka haijifungi. Ardhi inatumbukia mahali pake.

Ndege yenye kipimo cha leza ilipita juu ya eneo mwaka 2009 na tena 2014. Ulinganisho ulionyesha kwamba asilimia 34 ya eneo lililoungua walilolichunguza ilikuwa imedidimia. Kwenye tundra ya jirani ambayo haikuungua, haikufika asilimia moja. Miaka saba baada ya moto kuzimwa, bado ulikuwa unafanya kazi.

Hapo ndipo maji yanapobadili njia, na kaboni inayafuata. Mitaro inayoachwa na kabari zilizoyeyuka inaweza kuungana na kuwa mifereji. Katikati ya umbo, palipokuwa dimbwi, panamwagia maji yake mtaroni na kukauka, na kuoza kwake kunaanza kwenda kasi na kutoa hewa ya ukaa. Mtaro wenyewe unajaa maji, nyasi za kinamasi zinaingia, na methani inapata mirija yake. Mita tano kati ya mahali hapo pawili, na hesabu mbili tofauti. Ndiyo maana simwamini sana mtu anayeniambia kwa sentensi moja kwamba tundra "itakauka" au "itafurika." Ninamuuliza: sehemu gani, na mteremko unaelekea wapi?

Kuhusu nyasi, zilirudi. Ndani ya miaka michache setilaiti ziliuona mteremko ukiwa kijani karibu kama zamani, na zile za vishungi zilinawiri kwa mbolea ya majivu. Hapo wanafunzi wangu nusu walitaka kufunga kisa. Nikawapeleka Kondoa kwa maneno tu, maana nauli haikuwepo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza 1973, ng'ombe wakaondolewa 1979, na miti na majani yakarudi hata aliyewahi kupaona akiwa mtoto hakupatambua. Lakini simama kwenye ukingo wa korongo moja la Haubi uangalie chini. Kijani kimerudi, udongo wa juu ulioshuka bondeni haujapanda tena. Vivyo hivyo Anaktuvuk: majani ya kijani yanaonyesha mapato ya mwaka huu, hayaonyeshi salio. Mosi, ambao ndio blanketi, wanarudi polepole mno. Minara ya vipimo iliyosimikwa huko kiangazi cha 2008 ilionyesha tundra isiyoungua ikinyonya kaboni, na ile iliyoungua ikiendelea kuitoa.

Aktiki imepata joto karibu mara nne ya kasi ya wastani wa dunia tangu 1979, na kwenye vipimo vya Deadhorse, karibu na Prudhoe Bay, pamafrosti kwenye kina cha mita 20 imepanda kwa zaidi ya digrii mbili tangu miaka ya 1980. Kwa hiyo viangazi vya aina ya 2007 havitakuwa vya kushangaza tena. Lakini ningependa tuache lugha ya "bomu la methani" inayozunguka kwenye simu zetu. Wanaopima pale wanatarajia uvujaji wa miongo na karne, mwingi wake ukiwa hewa ya ukaa, pamoja na madoa ya ghafla kama haya ya Anaktuvuk. Kuvuja hakusisimui kama bomu, na ndiyo sababu hakuonekani kwenye hesabu za watu.

Nilirudi Bahi mwezi uliofuata, mpunga ukiwa umeanza kuinama. Nilimsimulia mjomba kisa chote tukiwa tumekaa kwenye tuta. Alisikiliza kwa subira ya mtu anayesubiri sehemu inayomhusu. Kisha akauliza swali ambalo darasani halikuulizwa: "Hayo maji yao yakishapata mfereji, yanakwenda wapi? Maana maji ya tope hayaendi bure."

Hayaendi bure. Yanabeba kaboni iliyoyeyuka, rangi yake ya chai ndiyo hiyo, hadi kwenye vijito, mto Colville, kisha bahari ya Aktiki. Lakini nyingi haifiki. Watafiti wa kituo cha Toolik, kusini kidogo mwa eneo lililoungua, waligundua kwamba katika maziwa na mito ya eneo lile mwanga wa jua ndio unaofanya asilimia 70 hadi 95 ya kazi ya kuvunja kaboni hiyo ndani ya maji, zaidi ya bakteria. Maji ni ya kina kifupi, jua halilali, na sehemu ya kaboni inageuka hewa ya ukaa ikiwa bado njiani.

"Kwa hiyo jua lao linafanya kazi usiku pia," alisema mjomba. Akainuka, akaenda kuziba mfereji kwa koleo mbili za tope.